Harufu Ndani ya Lori

"Pumua," mama alisema. "Nipumulie hapa usoni."

"Dada, mimi si mtoto."

"Ndiyo maana sikubembelezi. Pumua."

Mjomba Laifu aliweka bakuli lake la uji mezani, akainama, akampumulia dada yake kwa nguvu zote. Mama alirudi nyuma akipepea mkono mbele ya pua.

"Vitunguu saumu."

"Kila mtu humu ndani kala vitunguu saumu. Hata wewe unanuka."

"Mimi nimekula punje mbili. Wewe umekula kichwa kizima, nimekuona. Mtu hatafuni kichwa kizima cha kitunguu saumu asubuhi asubuhi kama hana anachokificha."

"Navipenda, dada. Basi."

Wanqiu alikaa upande wa pili wa meza, ameshika vijiti vyake vya kulia bila kuokota chochote. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ugomvi huu ulianzia kwake. Jana, aliporudi kutoka shule ya bweni, alimwambia mama yake maneno machache tu walipokuwa wakichambua kabichi. Maneno yale yalilala ndani ya nyumba, na leo yalikuwa yameamka makubwa kuliko yalivyolala.

Lori lilikuwa mali ya mama. Lilikuwa kuukuu, limepita mikono mingi kabla ya kufika kwake, lakini ndilo lililowalisha. Baba yake Wanqiu aliendesha winchi kwenye bandari ya mbali na alirudi nyumbani kwa mwaka mpya tu. Mama mwenyewe aliliendesha hilo lori mpaka magoti yalipomshinda. Tangu hapo mdogo wake, Laifu, ndiye aliyekuwa akiteremsha makaa ya mawe kutoka milima ya Shanxi hadi tambarare. Ile barabara ni mteremko mtupu, kona juu ya kona. Dereva mwenye pombe kichwani hafiki chini, au anafika mapema mno.

Na Laifu aliwahi kuwa mlevi. Kazi ya mgodini aliipoteza kwa ajili hiyo hiyo. Alipokuja kuomba apewe lori, alisema mbele ya wote kwamba ameacha. Mama alimjibu kwa ufupi: siku nitakayosikia harufu, ndiyo siku yako ya mwisho.

"Lile kasha la pombe ya mtama ya mwaka mpya," mama aliendelea, "nililiweka chini ya kitanda cha Baba. Limepungua chupa mbili."

"Chini ya kitanda cha Baba. Basi muulize Baba."

Babu, baba yao mama na Laifu, alikuwa ameinamia bakuli lake. Naye alikuwa dereva wa malori zamani, kabla ya wote hao, na mpaka leo aliweza kukuambia gari lina kasoro gani kwa kusikia linavyopanda mlima. "Mimi daktari kanikataza," alisema. "Tumbo langu halitaki tena pombe."

"Umesikia? Baba hanywi. Mimi sinywi. Mtoto hanywi. Nani kabaki?"

"Paka," mjomba alisema.



"Wanqiu," mama alisema, "mwambie mjomba wako ulichoniambia mimi."

Wanqiu aliangalia vijiti vyake. "Nasikia harufu ya pombe ndani ya lori. Kila Ijumaa ukija kunichukua shuleni. Kila unaposimama."

"Na lile lingine."

"Na nilikuona unakunywa."

"Uliniona nakunywa nini?" Mjomba hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kwenye chupa yako ya chai."

"Kwenye chupa ya chai watu hunywa chai."

Wanqiu alijua kwamba hapo ndipo pa kusema: sikujua ndani mlikuwa na nini. Lakini jana hakusema hivyo. Jana alisema, "Anakunywa pombe akiwa anaendesha." Alipoanza kutaja harufu, mama aliacha kisu, akageuka, akamsikiliza kama ambavyo hakuwahi kumsikiliza akisimulia mambo ya shule. Basi ile sentensi ya pili ikatoka yenyewe. Sasa alinyamaza, na mama akaendelea.

"Halafu hizi breki za upepo. Ukikanyaga, mshale wa geji unashuka. Mwezi uliopita haukuwa unashuka. Umegonga nini huko njiani, Laifu, ambacho hutaki kusema?"

"Sijagonga kitu."

"Haya. Kuna dereva mwingine anakuja alasiri. Nimekwisha ongea naye. Ila kasema hapandi gari la mzigo lenye breki zinazovuja, na ana haki. Kwa hiyo kabla hujafunga virago vyako, utanisaidia kutafuta upepo unapotokea. Tukipapata, uende zako."

Mjomba Laifu alimtazama dada yake. Akamtazama Wanqiu. Kisha akasukuma bakuli, akavaa koti lake, akatoka uani bila kuaga uji.

*

Walisubiri jua lipande juu ya vigae, maana maji ya sabuni huganda asubuhi. Lori lilisimama katikati ya ua, limebeba makaa yake chini ya turubai, matope ya njiani yameganda juu ya magurudumu kama nta. Babu alikaa kwenye kigoda mlangoni akimenya vitunguu saumu na kuvitumbukiza kwenye gudulia la siki, vya kuliwa siku ya mwaka mpya. Wanqiu alishika ndoo ya maji ya vuguvugu yenye povu na brashi pana ya kupakia rangi.

Mama aliingiza kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu, akazipiga nyundo. "Sikilizeni," alisema. "Lori likianza kuzungumza, sitaki mtu mwingine aongee. Laifu, washa."

Injini ilikohoa, ikashika. Kompresa, ile pampu ya upepo, ilijaza matangi ya upepo mpaka ikatoa pumzi fupi kuonyesha kwamba imeshiba.

"Zima. Usiguse pedali. Mshale uko wapi?"

"Juu."

Wakasubiri. Mbwa wa jirani alibweka, akachoka.

"Sasa?"

"Pale pale."

"Basi matangi ni mazima na kompresa ni nzima," mama alisema. "Kanyaga. Shikilia hapo hapo. Mshale?"

"Unashuka. Unashuka vizuri tu."

"Ukiondoa mguu unasimama, ukikanyaga unashuka. Kwa hiyo tatizo liko kati ya pedali na magurudumu."

Mjomba alitoa kichwa dirishani. "Itakuwa ule mpira wa kupitishia upepo wa mbele kushoto. Nilikwambia tangu wakati wa mavuno."

"'Itakuwa' si jibu. Wanqiu, paka sabuni."

Wanqiu alipaka povu kwenye mpira wa mbele kushoto, kwenye maungio yake yote, mpaka kwenye chombo cha breki. Kama upepo unatoka, povu huvimba na kutoa mapovu makubwa. Povu lilikaa kimya. Akapaka kulia. Kimya.

"Rudieni hapo mbele," babu alisema kutoka mlangoni. "Hilo povu jepesi mno."

"Povu liko sawa, Baba. Tunakwenda nyuma."

"Nyuma hapana kitu. Nyuma nilipaangalia mimi mwenyewe."

Mama alisimama. "Lini?"

"Zamani," babu alisema, akachukua kitunguu kingine.

Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumtazama mzee anayemenya vitunguu. Kisha akamtandikia Wanqiu gunia chini ya lori, maana magoti yake mwenyewe hayakupenda ardhi ya baridi. "Ingia. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu, kama ngumi mbili zimeshikana. Mipira yote ya nyuma inatokea pale. Paka juu, paka ubavuni, paka na mdomo wa chini. Laifu, kanyaga tena."

Wanqiu alijiburuta mpaka akaiona. Alipaka juu: hakuna kitu. Alipaka ubavuni: hakuna kitu. Alipofika kwenye mdomo wa chini, povu lilirushwa lote likamtua shavuni. Upepo ulikuwa ukitoka pale ukipiga mluzi mwembamba.

Na ulinuka.

Alilala pale bila kusogea. Ilikuwa harufu ile ile ya Ijumaa, kali na tamu kidogo, harufu ya pombe ya mtama.

"Unaona nini?" mama aliuliza.

"Ngoja, mama. Mwambie aachie."

"Laifu, achia."

Valvu ilitoa upepo wote kwa mkupuo, pshhh, na harufu ikaja nzito zaidi, mpaka macho yakamwasha. Wanqiu aliwaza. Mjomba alikuwa juu, ndani ya kichwa cha lori, mbele kabisa. Kati yao kulikuwa na urefu wote wa lori na makaa yake. Hakuna pumzi ya mtu inayoweza kufika huku. Kisha akakumbuka sakafu ya lori, karibu na pedali, pale ilipotoboka kwa kutu mpaka unaiona barabara ikipita. Kila Ijumaa harufu ilikuja mjomba alipoondoa mguu kwenye breki, upepo wa pedali ukatoka chini ya tundu lile. Alikuwa amelisema hilo kwa mdomo wake mwenyewe mezani, "kila unaposimama", na hata yeye hakulisikia.

Sasa angeweza kutoka na kusema tu, nimepapata panapovuja. Valvu ingebadilishwa. Dereva mwingine angekuja, mjomba angeondoka, na hakuna ambaye angeuliza tena habari za chupa ya chai. Wanqiu aliifikiria njia hiyo, akaona inapita vizuri kabisa, na akaona inakomea kwenye kituo cha basi, mjomba Laifu amekaa na mzigo wake kwa kosa ambalo hakulitenda.

"Mama," alisema, "njoo unuse."

"Ninuse nini?"

"Breki. Zinanuka pombe."

Mama alipiga magoti akiguna, akaingiza kichwa, akavuta pumzi. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa upande ambao Wanqiu alitarajia.

"Laifu, shuka. Ndiyo mbinu yako hiyo? Unaificha pombe ndani ya matangi ya upepo?"

Mjomba alishuka polepole, akafunga mlango. "Na ningeinywaje, dada? Kwa kunyonya gurudumu?"



Wanqiu alikuwa amekwisha toka chini ya lori, mgongo umejaa vumbi la makaa. "Mama, sikumwona akinywa pombe," alisema. "Nilimwona akinywa kitu kwenye chupa ya chai. Sikujua ni nini. Harufu ilikuwa kweli. Hilo lingine niliongeza mimi."

 Mjomba Laifu aligeuka akaanza kutoa upepo uliobaki kwenye matangi, tangi baada ya tangi, maana hufungui valvu ikiwa bado na upepo isipokuwa unataka ikurukie usoni. Kisha akaingia chini, akafungua boliti, akarudi na valvu mkononi. Mama aliitenganisha juu ya gunia. Ndani yake mlitiririka maji maji kidogo, na harufu ikajaa ua mzima. Pete za mpira, ambazo hutakiwa kuwa ngumu na nyembamba, zilikuwa zimevimba na kulegea kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Mama alibonyeza moja kwa kidole, ikakatika.

Hakuuliza kwa kelele. Aligeuka tu kuelekea mlangoni. Babu alikuwa ameacha kumenya.

"Baba," mama alisema. "Ni wewe."

"Kikombe kimoja tu," babu alisema. "Alfajiri, siku za baridi kali. Nafungua mpira unaotoka kwenye kompresa, namimina, nafunga. Sisi zamani tulikuwa hatugusi ya kwetu kabla lori halijapata yake. Pombe inazuia maji ya unyevu kuganda; yakiganda humo ndani huna breki, na ukikosa breki kwenye ule mlima, watu wanakuja kukuokota kwa koleo."

"Malori ya zamani yalikuwa na mipira yake na watu wake. Na maji hutolewa matangini kila jioni. Hiyo ni kazi ya Laifu."

"Huyatoa?" babu aliuliza. "Nani amemwona? Nilisema moyoni, huyu kijana akisahau siku moja tu, tumemzika. Bora nihakikishe mwenyewe."

"Nayatoa kila jioni, Baba," mjomba Laifu alisema. "Nikifungua koki kunalia kama bata. Ungefungua dirisha ungenisikia."

Babu aliangalia maganda ya vitunguu miguuni pake.

"Na pale mezani?" mama alisema. "Nilipouliza habari za chupa, ulikuwa unasubiri nini?"

"Uliuliza nani anakunywa. Mimi sinywi." Mzee akaongeza kwa sauti ndogo, "Chupa nilijua ni mimi. Lakini mtoto alisema amemwona kwa macho yake. Nikadhani chupa ni zangu, ila naye ana zake."

 Sentensi moja aliyoiongeza Wanqiu wakati wa kuchambua kabichi ilikuwa imemdanganya hata babu, aliyekuwa na ukweli wote mkononi.

Mama alikaa kwenye bampa, mikono imejaa mafuta na pombe. Hakuwa mtu wa kuhubiri. Aliyasema haya kama mtu anayesoma geji.

"Tazameni tulivyofanya leo," alisema. "Kutafuta upepo, tumekuwa watu wenye akili. Laifu alishuku mpira wa kushoto. Hatukuukata, tuliupaka sabuni, tukaona ni mzima, tukauacha. Tumepima kila kitu kabla ya kukifungua. Lakini mtu tumempima kwa kitunguu saumu. Baba hakumwamini kuhusu maji, akaharibu breki. Mimi sikumwamini kuhusu pombe, nikawa nimekwisha mwandalia nauli. Nilishamhukumu, nikawa nazunguka kutafuta ushahidi, na mtu akitafuta ushahidi namna hiyo haukosi."

Akamgeukia Wanqiu. "Wewe pua yako ilisema kweli. Ungeishia hapo, tungelifungua hili lori jana. Ulichoongeza ndicho kilichotutoa kwenye breki kikatupeleka kwa mjomba wako. Ukileta habari nyumbani, lete ulichoona na ulichonusa. Usichokijua, sema hukijui. Watu wazima wataamua mambo makubwa kwa neno lako, kama ulivyoona, na si wote watakaokumbuka kulipaka sabuni kwanza."

"Nimeelewa, mama."

"Umefanya vizuri kuniita ninuse. Ungeweza kunyamaza."

Alijifuta mikono kwenye gunia, akatoa simu. "Nisikilize, usije," alimwambia yule dereva wa alasiri. "Hapana, lori halitembei leo. Wala kesho usije. Lina dereva." Akapiga tena, akamwambia mwenye makaa kwamba mzigo utachelewa, na alipolalamikiwa akajibu kwamba mzigo unaochelewa bado ni mzigo, lakini ulio bondeni ni takataka. Akakata.

"Hujaniuliza kama nataka," mjomba Laifu alisema.

Mama alimgeukia. "Kweli. Nakuuliza."

"Ukinitilia shaka tena, niulize mimi. Usimtume mtoto aninuse."

"Sikumtuma. Lakini nilimpa sikio mtoto, nikakunyima wewe. Nitakuuliza wewe."

"Na mimi," Wanqiu alisema. "Nisamehe, mjomba. Nitakuuliza, hata kama naona haya."

Mjomba alimtazama mpwa wake, vumbi jeusi kichwa hadi mguu, povu limekauka shavuni. "Ukiniuliza chupani mna nini, nitakupa uonje," alisema. "Ni chai chungu. Utajuta."

Babu aliinuka kwenye kigoda akishikilia mlango. "Jioni nitakuja tutoe maji pamoja," alisema.

"Mikono mitupu, Baba."

"Mikono mitupu."

"Sasa sikilizeni," mama alisema. "Pombe imepita kote huko. Valvu zote zinafunguliwa, pete zote zinabadilishwa, hata zinazoonekana nzima. Na tunaanza sasa hivi, jua halijakimbia. Laifu, unafungua au nimwite mtu?"

 Mjomba Laifu alivua koti, akaliweka juu ya kabari, akalivuta gunia mpaka chini ya kichwa cha lori, akalala chali na kujisukuma ndani mpaka ikabaki miguu tu. Mkono wake mmoja ukatokeza ukiwa wazi.

"Wanqiu," alisema. "Spana. Ile kubwa."

Akampa.